Sura ya Nane: Nambari Iliyo kwenye Lebo

Mwaka 2017 mgeni mmoja kutoka China, mwandishi wa riwaya, aliingia kwenye baa ya hoteli mjini St. Moritz, Uswisi, akaagiza toti ya wiski. Chupa aliyoichagua ilikuwa Macallan yenye lebo ya mwaka 1878. Kwa sentilita mbili tu alilipa faranga 9,999 za Uswisi. Picha za chupa zikasambaa, wajuzi wakatazama lebo na kizibo wakaingiwa na shaka, na hoteli, kwa heshima yake, ikapeleka sampuli maabara. Majibu yalipokuja, kilichomo kilikuwa kimetengenezwa kati ya 1970 na 1972, tena hakikuwa wiski ya kimea tupu bali mchanganyiko uliotiwa wiski ya nafaka nyingine. Mgeni akarudishiwa fedha zake.

Utapeli wa wiski ni jambo la zamani na halinishangazi. Mwaka uliofuata maabara ya Uskoti ilipima chupa 55 zilizodaiwa kuwa adimu, na 21 zikaonekana kuwa za bandia. Kinachonishika katika kisa cha St. Moritz ni kwamba bila zile picha, toti ile ingebaki kuwa ya 1878 mpaka leo. Ulimi wa mnywaji haukuwa na namna ya kulikanusha lile lililoandikwa. Alinunua nambari, na sisi tunaosimama mbele ya rafu ya duka la Westlands au Masaki tunafanya vivyo hivyo kwa pesa kidogo zaidi: 12, 15, 18, 21, tukiamini kwamba kila nambari inapopanda, utamu nao umepanda. Sura hii inaipinga imani hiyo. Haiipingi yote, kwa sababu baadhi ya chupa ninazozipenda kuliko zote zimekaa pipani miaka 15 au 18, na hazingekuwa zilivyo kama zingetolewa mapema.

Sheria ya wiski ya Uskoti ya mwaka 2009 iko wazi. Wiski haiitwi ya Uskoti mpaka ikae miaka mitatu au zaidi ndani ya nchi hiyo, kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na inapotiwa chupani isiwe chini ya asilimia 40 ya kileo. Ile ambayo watu wa baa huiita singo molti ina masharti ya ziada: itokane na kimea cha shayiri pekee, ikenekwe kwa mafungu kwenye mitungi, ambayo kwa desturi ni ya shaba, na yote itoke kiwanda kimoja. Kiwanda ni kimoja, lakini mapipa ni mengi. Chupa ya kawaida huchanganya wiski za mapipa mengi ya rika mbalimbali, na nambari inayochapwa ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote. Hivyo 15 ni kiwango cha chini. Humo ndani inaweza kuwamo ya miaka 20. Kitu kingine ambacho wengi hukisahau: umri husimama siku wiski inapoingia chupani. Chupa ya miaka 12 ambayo marehemu babu aliinunua mwaka 1980 na kuificha kabatini bado ni ya miaka 12, na kama kabati lilikuwa na joto, basi huenda imeharibika kidogo.

Kinachotoka mtamboni ni cheupe na kikali. Tofauti yake na chang'aa au gongo ni shayiri, shaba na sheria. Rangi ya asali, harufu ya vanila, karafuu, zabibu kavu, ngozi kuukuu, vyote hivyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya pipa. Ubao uliochomwa ndani hutoa sukari zake na tanini, makaa yake hunyonya harufu za salfa, na matundu madogo ya mti huruhusu hewa iingie polepole huku kileo kikitoka. Kinachotoka kinakadiriwa kuwa asilimia 2 kwa mwaka huko Uskoti, na wenyewe hukiita fungu la malaika. Piga hesabu: kufikia miaka 18, karibu theluthi ya pipa imeshapaa hewani. Hiyo ni sababu ya kwanza ya bei kupanda pamoja na umri, na haihusiani na ladha hata kidogo. Mtu analipia hewa iliyokwisha kuvutwa na wengine.

Sasa lipeleke pipa hilo hilo Bangalore. Kiwanda cha Amrut hupoteza kati ya asilimia 10 na 12 kila mwaka kwa sababu ya joto, maana yake baada ya miaka sita hivi nusu imekwisha. Mwaka 2013 walipotoa chupa ya miaka minane waliiuza kwa jina la Greedy Angels, malaika walafi, na utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake. Lakini joto linalowaibia ndilo linalowaivishia. Kavalan ya Taiwan ilianza kukeneka mwaka 2006, na ilipofika 2015 moja ya wiski zake, Solist Vinho Barrique, ilitajwa kuwa wiski bora ya kimea duniani kwenye tuzo za World Whiskies Awards. Haikuwa na umri wowote kwenye lebo, na hata ingekuwa nao usingefika miaka kumi. Basi mtu akikuambia kwamba wiski ya miaka minane ni ya watoto, muulize kwanza ilikaa wapi. Mimi nisingethubutu kuliacha pipa Mombasa kwa miaka 18. Ningerudi nikakuta mbao zenye harufu nzuri.

Swali la pili, na kwangu lina uzito kuliko la miaka, ni pipa lenyewe lilikuwa la nini kabla ya wiski kuingia. Wamarekani wanalazimishwa na sheria yao kuikuza burboni kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja hutafutiwa mnunuzi, na mnunuzi mkubwa ni Uskoti. Hayo ni mapipa madogo, ya lita 200 hivi, nayo huipa wiski vanila, nazi na asali. Mapipa ya sheri kutoka Jerez, Hispania, ni makubwa, lita 500, nayo huleta tende, zabibu kavu, mdalasini na rangi nyekundu iliyoiva. Zamani mvinyo wa sheri ulisafirishwa ndani ya mapipa hadi Uingereza, na mapipa matupu yakabaki huko kwa bei ya chini. Miaka ya 1980 Hispania ilipotaka sheri yote itiwe chupani kwao, chemchemi hiyo ikakauka. Leo kiwanda kinachotaka mapipa ya sheri huyaagiza yatengenezwe, yajazwe mvinyo mwaka mmoja au miwili ili yakolee, kisha yasafirishwe. Ni ghali mno. Ndiyo maana viwanda hurudia pipa mara ya pili na ya tatu, na kila linaporudiwa linabaki na kidogo cha kutoa. Wiski iliyokaa miaka 18 kwenye pipa lililochoka inaweza kushindwa na ya miaka 10 iliyokaa kwenye pipa zuri. Lebo haitakwambia hilo. Ulimi ndio utakaokwambia.

Msomaji asiyetumia kileo aliyenifuata hadi hapa kwa hamu ya kuijua sayansi ya pipa namshukuru. Kuanzia hapa ni mambo ya kuonja.

Nianze na sheri, kwa kuwa hapo ndipo jina hulipiwa zaidi kuliko kinywaji. Macallan ya miaka 18, ile iliyokuzwa kwenye mapipa ya sheri, ni wiski nzuri sana. Sitajifanya kwamba si nzuri. Ina chungwa lililokaushwa, tangawizi, mbao iliyopigwa nta, na inateleza bila kukwaruza koo. Lakini jina la Macallan limepaa kupita kinywaji. Mwaka 2023 chupa yake ya 1926, kutoka pipa namba 263 ambalo lilikaa miaka 60 na kutoa chupa 40 tu, iliuzwa Sotheby's mjini London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Kila mauzo ya namna hiyo huinua bei ya chupa ya kawaida iliyoko dukani kwako, ingawa haibadilishi hata tone la kilichomo.

Kilomita chache kutoka kiwanda cha Macallan, ndani ya eneo lile lile la Speyside huko Uskoti, iko Glenfarclas. John Grant aliinunua mwaka 1865 kwa pauni 511 na shilingi 19, na ukoo wake ungali unaimiliki mpaka leo. Mitungi yao huchomwa kwa moto wa moja kwa moja kutoka chini, jambo ambalo wengine wengi waliliacha zamani wakahamia mvuke. Nao walijaribu mvuke mwaka 1981, wakaona wiski imepoteza uzito, wakarudi kwenye moto. Mapipa hulala kwenye maghala ya kale yenye sakafu ya udongo. Hawana kasri la kioo la kupokea watalii wala mnada wa London, na bei yao inalionyesha hilo: Macallan 18 hugharimu zaidi ya mara tatu ya Glenfarclas ya miaka 15. Hiyo ya 15 hutiwa chupani kwa asilimia 46, nguvu inayotosha kubeba ladha zote, na mdomoni ni tende, njugu za kukaanga, mdalasini, halafu ukavu wa majani ya chai mwishoni. Ya miaka 25 nimeionja pia. Ni tulivu na imekomaa, lakini ina asilimia 43, na kwangu mimi imepoa. Kati ya hizo mbili nachagua 15 bila kusita, hata ningepewa zote kwa bei moja.

GlenDronach ndiyo mshindani wa kweli. Ya miaka 15 na ya miaka 18, hasa hiyo ya 18 inayokuzwa yote kwenye sheri, ni nzito kuliko Glenfarclas, tamu zaidi, karibu na mchuzi wa zabibu. Ina siri moja ambayo wanywaji walikuwa wakinong'onezana. Kiwanda kilifungwa mwaka 1996 kikafunguliwa tena 2002. Katika miaka hiyo hakuna kilichokenekwa, kwa hiyo chupa ya 18 iliyojazwa, tuseme, mwaka 2016, haikuweza kuwa na kitu kilichozaliwa 1998. Ilibidi kichukuliwe cha kabla ya 1996, na mnywaji akawa anakunywa wiski ya miaka 20 kwa bei ya 18. Pengo hilo sasa limekwisha, na chupa za leo ni za umri ule ule uliochapwa. Ukikutana na ya zamani kwenye rafu yenye vumbi, geuza utafute tarehe ya kujazwa. Mimi GlenDronach nainywa baada ya chakula kizito cha usiku, toti moja, basi. Ya pili hunichosha.

Wengi wetu lakini tulianzia kwa Glenfiddich, na hakuna aibu. Ndiyo iliyofungua njia: William Grant alitoa matone ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1887, na mwaka 1963 warithi wake wakaanza kuiuza wiski ya kimea nje ya Uskoti wakati karibu dunia nzima ilikuwa ikinywa mchanganyiko tu. Ya miaka 12 ni nyepesi, ina pea na tofaa bichi, inafaa kwa barafu na mazungumzo. Ya miaka 15 ni habari nyingine. Humwagwa kwenye pipa kubwa la mbao ambalo tangu 1998 halijawahi kushuka chini ya nusu, hivyo kila chupa ina mabaki ya zile zilizoitangulia. Ina asali, tangawizi na utamu wa mlozi. Ninasikitika kwamba wanaipunguza hadi asilimia 40, kwa sababu maji yale yameosha sehemu ya utamu wake. Hata hivyo, kati ya chupa zinazopatikana bila shida kwenye miji yetu, kwa bei anayoweza kuifikia mtu mwenye mshahara, ndiyo ninayoitaja kwanza. Ile ya 18 ina mwaloni zaidi na tofaa lililookwa, lakini tofauti yake na 15 ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Glenlivet 18 iko hivyo hivyo: safi, ya heshima, isiyomkera mtu. Inafaa kupelekwa kwa mkwe.

Balvenie, jirani na ndugu wa Glenfiddich, ndiko David Stewart, aliyeingia kazini kwa familia ya William Grant mwaka 1962, alikojenga ufundi wa kuihamisha wiski kutoka pipa la burboni hadi pipa la mvinyo kwa miezi ya mwisho. Leo viwanda vingi vinafanya hivyo. Balvenie ya miaka 21, iliyomalizikia kwenye mapipa ya mvinyo wa Port wa Ureno, ni ya hariri. Nikialikwa naikubali. Kuinunua mwenyewe bado sijashawishika.

Tuje kwenye moshi. Kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, hakina msitu wa kutosha kukaushia shayiri, lakini kina mboji ya kale iliyojaa majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka. Watu huikata vipande kama matofali, huianika, kisha huichoma chini ya kimea kibichi. Moshi hushika kwenye punje na haubanduki tena. Shemeji yangu alipopewa Laphroaig, wiski ya kisiwa hicho, kwa mara ya kwanza aliinusa akairudisha glasi mezani: "Shem, hii si Dettol ya wodini?" Hakukosea sana, kwani fenoli za moshi wa mboji na dawa za kuua vijidudu ni jamaa wa karibu kikemia. Wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, Laphroaig iliendelea kuingia huko ikiuzwa kama dawa. Na kiwanda cha Laphroaig kiliendeshwa kwa miongo kadhaa na mwanamke, Bessie Williamson, aliyefika mwaka 1934 kufanya kazi ya ofisini na kukirithi kwa mwenye mali mwaka 1954, zama ambazo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa na nafasi kama yake kwenye biashara hiyo.

Jambo ambalo mpenda moshi anapaswa kulijua kabla ya kulipia umri ni hili: moshi hufifia pipani. Fenoli hupungua, utamu wa mwaloni hupanda, na ukingoja sana utabaki na kumbukumbu ya jiko lililozimwa. Hakuna mahali pazuri pa kulithibitisha hilo kama Lagavulin. Mwaka 2016, ilipotimiza miaka 200, ilitoa wiski ya miaka minane yenye asilimia 48, nayo imebaki sokoni. Weka glasi yake kando ya Lagavulin ya kawaida ya miaka 16. Ya minane ni kali, ina ndimu, chumvi, moshi unaopanda moja kwa moja puani. Ya 16 ina asilimia 43, na moshi wake umeketi, umejifunika tende, chai nzito, iodini ya mwani na kitu kama nyama iliyokaushwa. Watu wa aina mbili watachagua glasi mbili tofauti, na wote watakuwa sawa. Mimi ni mtu wa 16. Kwangu ndipo umri ulipofanya kazi yake kamili bila kuua kilichokuwepo, na ningetaka kila mjadala kuhusu umri wa wiski uanzie kwenye glasi hizo mbili.

Kwa anayeogopa moshi mzito, kuna visiwa viwili vya kumpeleka. Talisker ya miaka 18 kutoka Skye, asilimia 45.8, ina pilipili manga inayowaka taratibu mwishoni, na bahari. Highland Park ya 18 kutoka Orkney, kiwanda cha tangu 1798, huchoma mboji yenye mizizi ya vichaka vya maua, si mwani, hivyo moshi wake ni mtamu, kama wa ubani uliochanganywa na asali. Chungwa, karafuu, moshi, sheri, vyote vimepangwa na hakuna kinachompiga mwenzake kiwiko. Kama ningeulizwa nimwonyeshe mtu asiyejua chochote kwa nini miaka 18 inaweza kustahili bei yake, ningemtilia Highland Park. Bahati mbaya bei hiyo imepanda vibaya, na siku hizi nainunua kwa kuhesabu.

Campbeltown, mji mdogo wa bandari kwenye rasi ya kusini-magharibi, uliwahi kuwa na viwanda zaidi ya ishirini. Vimebaki vitatu. Springbank, kilichopo tangu 1828, ni cha ukoo wa Mitchell na kinafanya kila kitu chenyewe: shayiri huloweshwa na kugeuzwa kwa koleo sakafuni, wiski hukenekwa mara mbili na nusu, hukuzwa hapo, hutiwa chupani hapo. Ya miaka 15, asilimia 46, haichujwi kwa baridi na haitiwi rangi ya karameli. Nikijaribu kuieleza nashindwa kuipa mpangilio: mafuta ya mashine, zabibu, chumvi, moshi mdogo, ngozi ya kiatu, chokoleti chungu. Kila unapoirudia glasi inasema jambo jingine. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika sura hii. Shida ni kuipata. Wanatengeneza kidogo, walanguzi wanainunua yote, na mtu anayeiweka rafuni kwake bila kuifungua ili aiuze baada ya miaka mitano namwonea huruma.

Mwaka 1920 kijana wa Kijapani, Masataka Taketsuru, alijifunza kazi huko huko Campbeltown, kwenye kiwanda cha Hazelburn, akarudi kwao na mkewe Mskoti, Rita Cowan, na daftari lililojaa michoro. Yeye ndiye aliyemsaidia Shinjiro Torii kuanzisha Yamazaki mwaka 1923, kabla ya kujitenga na kufungua cha kwake mwaka 1934. Yamazaki ya miaka 18 ni ya adabu sana, ina sheri, udi na matunda mekundu, na bei yake leo ni wazimu mtupu. Sababu inafundisha kitu kuhusu umri. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Wajapani waliipa wiski kisogo, viwanda vikapunguza kukeneka. Dunia ilipoigundua baadaye, hakukuwa na wiski ya kutosha iliyolala. Huwezi kuharakisha miaka 18 kwa pesa. Uskoti nayo ilifunga viwanda vingi mwaka 1983 kwa kukosa wanunuzi, miongoni mwao Port Ellen na Brora, na chupa za viwanda hivyo zikageuka hazina hadi vilipofunguliwa upya, Brora mwaka 2021 na Port Ellen mwaka 2024.

Vipi za miaka 25, 30, 40? Nyingi nilizoonja zilinikumbusha meza ya mwaloni kuliko shayiri. Baada ya miaka 25 tanini huzidi, kileo hushuka, na kikishuka chini ya asilimia 40 si wiski tena kisheria, kwa hiyo kiwanda hulazimika kuliokoa pipa na kulitia chupani, liwe limefikia kilele au limekipita. Zipo zilizo nzuri ajabu. Lakini bei yake inafuata uchache wake, na uchache hauna ladha.

Maneno machache ya matumizi. Tia wiski kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ongeza maji, matone machache kwa kijiko, hasa ikiwa ni asilimia 46 au zaidi, uone harufu inavyofunguka. Barafu huifunga. Chupa isimame wima, kwa sababu kileo kikali hula kizibo, na ikae gizani mbali na jua la dirishani. Kwenye maduka ya viwanja vya ndege kuwa mwangalifu na chupa za lita nzima zenye majina ya kishujaa na zisizo na umri wowote, kwani mara nyingi ni wiski changa iliyovalishwa boksi zuri. Na ukinunua mjini, skani stempu ya ushuru kwa simu kabla ya kulipa, kwa programu ya Soma Label ukiwa Kenya au Hakiki Stempu ukiwa Tanzania. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Basi hukumu yangu. Kwa chupa ya kwanza ya heshima nyumbani, nunua Glenfiddich 15. Ukitaka moja tu ya kukaa nayo mwaka mzima, Glenfarclas 15. Mpenda moshi achukue Lagavulin 16 na asibabaishwe na ya bei kubwa zaidi. Springbank 15 ukiiona kwa bei ya haki, inunue hapo hapo, halafu uifungue. Kuanzia miaka 18 kwenda juu, tafuta baa inayouza kwa toti uionje kwanza. Chupa nzima ya kitu ambacho hujawahi kukiweka mdomoni, hata kiwe na nambari gani, usiinunue.